Shajara ya mradi: mbavu za chuma kwa gundi badala ya weldi

4 Machi. Tunachojenga

Kazi ni paneli za kufunika ukuta wa nje. Kila paneli ni bamba la chuma la milimita 2, urefu mita 2.4 na upana mita 0.6, na mgongoni ina mbavu mbili zenye umbo la kofia zilizokunjwa kutoka bamba la milimita 3. Mbavu ndizo zinazobeba upepo. Bamba peke yake linayumba hata ukilishika kwa mikono miwili.

Paneli za kwanza tulizichomelea. Kila doa la weldi lilivuta bamba, uso ukawa na mawimbi, na hata baada ya kupaka rangi, jua la asubuhi likipiga kwa mshazari unayahesabu madoa yote. Tulichomelea vipande vifupi kwa kupokezana, tukabana bamba kwenye meza nzito. Mawimbi yalipungua, hayakuisha. Kwa hiyo tunajaribu gundi ya epoksi ya sehemu mbili: resini na hadena.

Ninaandika kila hatua ili mwenye kazi kama hii asianzie sifuri. Gharama nitazitaja kwa siku, kwa kilo za gundi na kwa vipande vilivyopotea. Bei kila mtu ataweka za kwake.

Kuna jambo la kulijua kabla ya kununua mkebe wa kwanza. Sehemu ya Eurocode 3 (kiwango cha Ulaya cha usanifu wa miundo ya chuma) inayohusu viungo, EN 1993-1-8, inampa mhandisi kanuni za bolti, ribiti, pini na weldi. Gundi haimo. Basi nguvu ya kiungo lazima itoke kwenye majaribio yako mwenyewe, na njia ya kugeuza matokeo ya majaribio kuwa namba ya usanifu imeelezwa kwenye EN 1990, Eurocode ya misingi ya usanifu, Kiambatisho D. Njia hiyo ndiyo nitakayoifuata hapa.

8 Machi. Hesabu kabla ya kushika gundi

Wengi tumezoea kufikiri kwamba ukiongeza urefu wa sehemu inayopandiana, kiungo kinaongezeka nguvu kwa kiasi hicho hicho. Kwa bolti inakaribia ukweli: bolti kumi zinabeba zaidi ya tano. Kwa gundi sivyo, na mtafiti Volkersen alilionyesha hilo mwaka 1938. Mabamba yenyewe yananyooka kidogo yanapovutwa, kwa hiyo ncha mbili za mpandiano ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, na katikati gundi inakaa karibu bila kazi.

Niliweka namba zetu: mabamba mawili ya milimita 3, gundi yenye unene wa milimita 0.5 na ugumu wa kukatwa wa MPa 1,000 (megapaskali; MPa moja ni nyutoni moja kwa milimita mraba). Mpandiano ukiwa milimita 12.5, mkazo wa nchani ni mara 1.08 tu ya wastani. Kwenye milimita 25 unafika mara 1.3, kwenye 50 mara 2.1, kwenye 100 mara 4. Sasa ubebe mzigo ule ule. Kutoka milimita 25 kwenda 50, mkazo wa nchani unapungua kwa asilimia 21. Kutoka 50 kwenda 100 unapungua kwa asilimia 4, nawe umetumia gundi mara mbili.

Hapo bado hatujagusa kubanduka. Watafiti Goland na Reissner waliongeza mwaka 1944 kile ambacho hesabu ya Volkersen inakiacha: mabamba yanayopandiana hayavutwi kwenye mstari mmoja, hivyo kiungo kinajipinda na ncha zinataka kufunguka. Gundi inavumilia sana kukatwa. Kubanduliwa haikupendi kabisa, na nilitaka kuliona hilo kwa macho yangu. Vipande vya upana wa milimita 25 vilivyounganishwa kwa gundi hii vilibanduka kwa nyutoni 110. Vipande vya upana huo huo, vikivutwa kwa kukata kwenye mpandiano wa milimita 12.5, vinabeba nyutoni elfu sita na zaidi chuma kikiwa kimesafishwa vizuri. Tofauti hiyo ndiyo inayotawala usanifu mzima wa paneli hii.

15 Machi. Mfululizo wa kwanza: brashi ya waya

Vipande kwa vipimo vya EN 1465, kiwango cha kupima viungo vya gundi kwa kukata: bamba la milimita 1.6, upana 25, mpandiano 12.5. Tulisafisha kwa brashi ya waya ya grainda mpaka chuma kikang'aa, tukafuta kwa asetoni, tukapaka, tukabana, tukasubiri siku saba.

Matokeo kwa MPa: 14.1, 9.2, 16.8, 6.9, 12.5. Wastani ni 11.9, na fundi mwenzangu alifurahi kuuona. Mimi nilikwama kwenye mtawanyiko, yaani kiasi ambacho matokeo yanaachana na wastani, ambao ni 3.9. Kwa vipande vitano na mtawanyiko usiojulikana tangu awali, Kiambatisho D kinataka utoe mtawanyiko mara 2.33 kutoka kwenye wastani, ili upate nguvu ambayo viungo 95 kati ya 100 vitaifikia. 11.9 ukitoa 9.1 unabaki na 2.8. Hiyo ndiyo nguvu ya kutegemewa, namba ya kusanifia, hata kabla ya kuigawa kwa kipengele cha usalama.

Kisha tukaweka vipande vilivyovunjika chini ya taa. Upande mmoja ulikuwa na gundi yote, laini, inang'aa kama kioo, na ndani yake mistari ya brashi imechapwa kama alama ya kidole. Upande wa pili ulikuwa chuma kitupu. Yaani gundi haikuvunjika. Iliachia. Brashi ya waya haikwangui chuma, inakisugua tu na kuupaka uchafu na mafuta upya juu yake, kwa wembamba usioonekana.

Kuanzia siku hiyo tuna utaratibu: sura ya mvunjiko inaandikwa kwenye daftari kabla ya namba. Kiungo kilichopasukia ndani ya gundi, gundi ikabaki pande zote mbili, kinakuambia nguvu ya gundi, na hiyo unaweza kuitegemea. Kilichobanduka kwenye chuma kinakuambia tu jinsi ulivyosafisha siku ile.

Gharama: vipande 10 vya bamba, siku 9.

29 Machi. Chembe za chuma, na silani

Tulihamia kupuliza chembe kali za chuma kwa kompresa mpaka usafi wa Sa 2½ kwa kiwango cha ISO 8501-1, yaani karibu kutu na uchafu wote umeondoka. Mikwaruzo tuliipima kwa utepe wa kuchukua alama: kina cha mikroni 60 hivi. Usitumie mchanga wa kawaida kwa kazi hii. Vumbi lake la silika linaharibu mapafu na hayaponi.

Mafuta yanaondolewa kabla ya kupuliza, la sivyo chembe zinayagongomelea ndani ya chuma. Vitambaa ni viwili: cha kwanza kimelowa kiyeyushi, cha pili kikavu kinafuata nyuma kabla kiyeyushi hakijakauka. Kitambaa hakichovywi kwenye mkebe. Kiyeyushi kinamiminwa juu ya kitambaa. Ukichovya, baada ya mara tano mkebe wote ni supu ya mafuta na unaipaka kwenye kila bamba linalofuata. Baada ya hapo tunanyunyiza maji safi: yakitandaa kama utando mmoja bila kukatika, tunaendelea. Yakijikusanya kuwa matone, tunarudi mwanzo.

Nusu ya vipande tuliviacha hivyo. Nusu nyingine tulivipaka silani ya aina ya epoksi, kemikali inayosaidia gundi kushikana na chuma, asilimia 1 ndani ya maji, iliyokorogwa kwa saa moja ili ifunguke, kisha ikakaushwa kwa hewa ya moto. Mchanganyiko huo haufai kesho yake, kwa hiyo unatengeneza wa siku tu.

Waliopulizwa pekee: 19.4, 20.6, 18.8, 20.3, 19.9. Wastani 19.8. Wenye silani: 20.1, 19.3, 21.0, 19.8, 20.3. Wastani 20.1, mtawanyiko 0.63, na nguvu ya kutegemewa MPa 18.6. Wote kumi walipasukia ndani ya gundi. Ukilinganisha na 2.8 ya awali, gundi ni ile ile, chuma ni kile kile, mikono ni ile ile.

Wenzangu walitaka silani iachwe kwa kuwa haikuongeza kitu. Niliomba tusubiri maji. Vipande vingine kumi vimeingia leo kwenye beseni la maji ya nyuzi 40, vitatoka baada ya siku 30.

9 Aprili. Kundi zima limeharibika

Vipande sita vya kujifunzia kupaka vilivunjika chini ya MPa 8, vyote vimebanduka kwenye chuma. Kupuliza kulikuwa sawa, silani sawa, gundi ya mkebe ule ule.

Tulipoteza siku tatu kutafuta. Tulilaumu hadena, tukapima upya uwiano, tukapasua mdomo wa kuchanganyia kuona kama gundi ilitoka nusu mbichi. Jibu lilikuwa kwenye daftari la hali ya hewa. Siku ile tulianza alfajiri, hewa ikiwa nyuzi 24 na unyevu asilimia 80. Joto la umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa unaanza kugeuka maji, kwa hali hiyo ni nyuzi 20.3. Mabamba yalikuwa yamelala nje usiku kucha, na kipimajoto cha chuma kilisoma 21. Chuma kilikuwa kwenye ukingo wa kutoa jasho. Hakuna tone lililoonekana, lakini utando wa maji ulikuwepo tayari, na gundi ilitandikwa juu yake.

Kanuni ya wapaka rangi wa chuma inatosha na sisi tumeichukua: chuma kiwe juu ya joto la umande kwa nyuzi 3 angalau. Mabamba sasa yanalala ndani, na fomu ya kila kundi ina mistari mitatu ya kujazwa kabla ya kufungua gundi: joto la hewa, unyevu, joto la chuma. Pia kati ya kupuliza na kupaka hazipiti saa nne.

Gharama: vipande 12 vya bamba, gramu 200 za gundi, siku tatu za watu wawili.

30 Aprili. Maji yamesema

Vipande vimetoka kwenye beseni. Waliopulizwa bila silani: 12.6, 9.8, 13.4, 11.0, 10.2. Wenye silani: 17.9, 17.2, 18.4, 17.0, 18.0.

Kundi la kwanza limeshuka kutoka 19.8 hadi 11.4, na nguvu ya kutegemewa ni 7.8. La pili limeshuka hadi 17.7, la kutegemewa ni 16.3. Kilichonigusa zaidi ni sura. Vipande visivyo na silani vina fremu: katikati gundi imepasuka vizuri, lakini kuzunguka kingo zote nne kuna ukanda wa milimita mbili hadi tatu wa chuma kitupu, mahali pengine umeanza kuwa wa kahawia. Maji yaliingia kwa pembeni yakaitenganisha gundi na chuma polepole. Na kingo, kama nilivyoandika tarehe 8 Machi, ndizo zinazobeba mzigo. Maji yanaanza kula pale pale unapopategemea zaidi.

Sambamba na hilo tulifanya jaribio la kabari: mabamba mawili yaliyogandishwa, kabari inagongwa kati yake upande mmoja, na unafuatilia ufa unavyotembea kwenye joto na unyevu. Mara ya kwanza tulilikosea. Tulitumia mabamba ya milimita 3 ya chuma cha kawaida. Tulipong'oa kabari yakabaki yamepinda. Mabamba yakipinda bila kurudi, nguvu haifiki yote kwenye gundi na urefu wa ufa hauna maana.

Nilidhani kabari nyembamba ingetatua. Haitatui. Kabari nyembamba inasimamisha ufa mapema zaidi, mkono wa bamba unakuwa mfupi, na mkazo ndani ya chuma unarudi kuwa ule ule. Kinachosaidia ni bamba nene au chuma kigumu zaidi. Tulirudia kwa bamba la milimita 6 la S355, chuma chenye nguvu zaidi, urefu milimita 200, kabari milimita 2. Ufa ulianza kwenye milimita 78 hivi kwa makundi yote mawili. Baada ya saa 24 kwenye nyuzi 50 na unyevu wa kujaa, wenye silani ulikuwa umesogea milimita 3. Usio na silani, 31.

Silani inabaki, na swali hilo limefungwa. Angalia pia tofauti ya muda: beseni lilituchukua siku 30, kabari ilitupa jibu hilo hilo kwa siku moja. Ningeanza upya leo, kabari ingekuwa jaribio la kwanza.

16 Mei. Paneli ya kwanza nzima

Kuinua kwa upepo ndiko hatari zaidi, kwa sababu upepo ukinyonya, bamba linavutwa mbali na mbavu. Tuliliiga hivi: paneli inaning'inizwa kwa ncha za mbavu, mbavu zikiwa juu na bamba chini, kisha mifuko ya mchanga ya kilo 20 inawekwa juu ya bamba, kati na pembeni ya mbavu. Uzito wote unalibandua bamba. Lengo letu ni mifuko 22, sawa na kilonyutoni 3 (kN 3) kwa mita mraba.

Mfuko wa kumi na moja ulipotua kulitokea mlio mkavu mmoja, na ncha ya ubavu wa kushoto ikafunguka. Tuliona mwanga ukipita. Ndani ya dakika ufa ulitembea kiasi cha mkono mmoja, ukasimama. Hiyo ni kN 1.5, nusu ya lengo.

Gundi ilipasukia ndani, kwa hiyo usafi haukuwa na kosa. Kosa ni langu la usanifu: ubavu wa milimita 3 uliishia ghafla, umekatwa mraba, na ugumu wote wa ubavu uliishia kwenye mstari mmoja wa gundi. Wastani wa mkazo kwenye paneli ile ulikuwa mdogo mno kuvunja chochote. Ncha peke yake ndiyo iliyokuwa imeelemewa.

25 Mei. Paneli ya pili

Mabadiliko matatu. Mabawa ya ubavu, zile kingo bapa zinazogandishwa kwenye bamba, yamesagwa kwa mteremko, kutoka milimita 3 hadi 1 katika milimita 30 za mwisho, ili ncha iwe laini na ifuate bamba. Gundi inayotoka pembeni haikwanguliwi tena. Inalainishwa kwa kijiti iwe mteremko mdogo, na hilo halikutugharimu chochote. Tatu, bolti moja kila ncha ya kila bawa, ili ufa ukianza usipate njia.

Mfuko wa 17 ulianzisha ufa, safari hii karibu na bolti. Tulikata paneli kwa msumeno kupitia hapo tukaitazama kwa kioo cha kukuza. Chini ya bolti gundi ilikuwa na unene wa milimita 0.05, na sentimita chache pembeni ilikuwa 0.6, ina viputo. Tulikuwa tumekaza bolti gundi ikiwa mbichi. Bolti iliikamua gundi yote mahali pale, bamba likainuka kidogo pembeni, na hewa ikaingia.

Dawa yake: shanga za kioo za milimita 0.3, asilimia 1 kwa uzito, zimechanganywa kwenye gundi. Haijalishi unabana kiasi gani, pengo haliendi chini ya shanga. Bolti zinawekwa kwa vidole tu gundi ikiwa mbichi na zinakazwa baada ya kukomaa. Gundi inapakwa kwa mstari mmoja mnene katikati ya bawa, ubavu ukishushwa unaisukuma hewa nje pande zote mbili. Mistari miwili inafungia hewa katikati.

3 Juni. Paneli ya tatu

Mifuko 22, kimya. Tuliongeza mpaka 26, ambayo ni kN 3.5, tukaiacha usiku mzima. Asubuhi hakuna ufa. Tulipoishusha na kuikata, gundi ilikuwa 0.3 hadi 0.35 kila mahali.

Gundi kwa paneli moja: gramu 150 pamoja na inayopotea kwenye mdomo wa kuchanganyia. Sentimita chache za kwanza zinazotoka kwenye mdomo mpya zinatupwa, maana bado hazijachanganyika.

14 Juni. Joto, nililopaswa kulipima mwanzo

Majaribio yote hapo juu yalifanywa kwenye nyuzi 23 au maji ya 40. Paneli ya rangi nyeusi ikikaa juani inafika 70 na zaidi. Nililijua hilo tangu Machi na niliweka joto mwisho wa orodha kwa sababu hatukuwa na tanuri. Nimelilipia.

Kwenye nyuzi 70 vipande vya gundi yetu vilivunjika kwa wastani wa MPa 4.6, na havikuvunjika kwa mlio. Vilinyooka kama mpira kisha vikaachana. Karatasi ya mtengenezaji inasema wazi kuwa gundi inaanza kulegea kwenye nyuzi 52. Nilikuwa nimesoma mstari wa nguvu na kuupita huo. Kwa epoksi, kiwango hicho cha kulegea hakiwezi kuzidi sana joto ambalo gundi ilikomazwa. Gundi iliyokomaa kwenye joto la karakana haina namna ya kuwa imara kwenye nyuzi 80.

Tumehamia epoksi nyingine, inayokomazwa saa tatu kwenye nyuzi 80, na kulegea kwake ni karibu na 90. Maana yake mifululizo yote inarudiwa: kavu, maji, kabari. Gharama ya kuweka joto mwisho ni wiki saba, vipande 40 na kilo mbili za gundi ya zamani.

Kuna la pili la wiki hii. Paneli moja iliyokuwa imeegemezwa ukutani, haijabeba kitu, ilifunguka kona siku ya kumi na mbili. Bamba lake lilikuwa na upinde wa milimita 4 kabla ya kugandishwa, nasi tulilinyoosha kwa klampu. Klampu zikatoka, bamba likaendelea kutaka kurudi, mchana na usiku, na nguvu yote ni ya kubandua. Mzigo mdogo usiokoma unaichosha gundi kwa namna ambayo mzigo mkubwa wa dakika moja hauonyeshi. Tarehe 10 Julai 2006 mabamba ya zege ya dari yaliangukia gari ndani ya handaki la Boston, Marekani, na abiria mmoja akafa. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, ulikuta nanga za dari zilishikwa na epoksi isiyofaa kwa mzigo wa kudumu, ikawa inanyooka kidogo kidogo mpaka nanga zikachomoka. Zile zilikuwa nanga ndani ya zege, zetu ni mabamba, lakini tabia ya epoksi ni moja.

Sheria mpya: ubavu unalazwa juu ya bamba bila gundi na bila klampu. Mahali popote pengo likizidi milimita 0.5, bamba linarudi kunyooshwa kwenye roli. Klampu ni za kushikilia tu.

6 Julai. Tanuri

Tulijenga sanduku la mbao lililofunikwa ndani kwa sufu ya mawe, na hita mbili zenye feni. Kundi la kwanza lilitoka laini. Ukucha uliacha alama kwenye gundi. Kipimajoto cha sanduku kilisoma 80 muda wote. Tulipofunga vihisi kwenye mbavu zenyewe tulikuta 61, kwa sababu paneli zilikuwa zimelala juu ya meza nene ya chuma inayomeza joto. Sasa zinalala juu ya vijiti vyembamba, kila paneli ina vihisi vitatu, na saa tatu zinaanza kuhesabiwa pale kihisi cha baridi kuliko vyote kinapofika 80.

Matokeo ya gundi mpya kwenye nyuzi 70: 16.4, 15.7, 16.5, 15.6, 16.3. Wastani 16.1, ya kutegemewa 15.1, zote zimepasukia ndani ya gundi.

Tumeongeza pia kikalio kidogo cha chuma chini ya kila bamba, kilichofungwa kwa bolti. Bamba lina kilo 22.6 na likigawanywa kwenye eneo lote la gundi mkazo haufiki hata MPa 0.001, kwa hiyo siku za kawaida kikalio hakina kazi. Kazi yake ni siku ya moto. Gundi itakuwa imekwisha dakika za mwanzo, na bamba lisimwangukie anayekimbia chini yake.

11 Agosti. Ukaguzi, na vipande vinavyoning'inia

Mifululizo ya gundi mpya imekamilika, maji na kabari vyote vimepita, na paneli sita za kwanza ziko tayari kupanda.

Wanaoniuliza jinsi ya kukagua kiungo kilichokamilika: tunagonga kwa sarafu milimita 50 kwa milimita 50, na mahali penye uwazi panatoa sauti nzito iliyokufa. Hiyo inakuonyesha gundi ilipokosekana. Gundi iliyopo lakini haikushika inalia sawasawa na iliyoshika, na hakuna kifaa cha kupima nguvu ya mshiko bila kuvunja. Ndiyo maana kila kundi lina vipande vitano vya mashahidi, vimepulizwa, vimepakwa na kukomazwa pamoja na paneli zake, kwenye tanuri hilo hilo. Mashahidi wakibanduka kwenye chuma, hata mmoja, paneli za kundi hilo hazipandi. Tumeshakataa kundi moja kwa njia hii, paneli tatu, na namba zake zilikuwa juu ya 15.

Tangu 16 Juni kuna vipande vinavyobeba MPa 3 mfululizo kwenye kabati la nyuzi 50, kwa mkono wa nyenzo na vyuma vya uzito. Vitatu vya gundi ya zamani vilianguka: siku ya nne, ya nne na ya sita. Vitatu vya gundi mpya bado vinaning'inia leo, siku ya 56. Saa ya kupimia mnyooko inaonyesha vimenyooka milimita 0.02 katika wiki mbili za kwanza, na tangu hapo sindano haijasogea. Vinabaki hapo, na nitasoma sindano kila Jumatatu.